Una C- na unataka Shahada ya Biashara? Njia ya diploma ipo, lakini isome vizuri kabla ya kulipa karo

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, simu ya ofisi yetu ya mawasiliano hulia kwa mambo mawili. La kwanza ni basari. La pili ni swali ambalo mzazi huliuliza kwa sauti ya chini: "Mtoto alipata C minus. Sasa chuo kikuu ndiyo basi?"

Juzi aliyekuja hakuwa mzazi. Alikuwa msichana wa miaka 22 akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa vyeti. Alisomea Diploma ya Usimamizi wa Biashara katika chuo anuwai cha serikali, akafanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na kupata daraja la Krediti. Katika KCSE alikuwa na C-, na Hisabati alipata D. Kwa miezi tisa amekuwa akihudumia wateja wa M-Pesa kwenye duka la shangazi yake kwa sababu jirani mmoja, tena mwalimu mstaafu, alimwambia kwamba bila C+ hakuna chuo kikuu kitakachomsajili. Hakuja kuuliza habari za chuo kikuu. Alikuja kuuliza kama kaunti ina nafasi za kazi za vibarua.

Somo la toleo hili limetokana na bahasha ile.

C+ ni mlango wa nani?

Tuanze na lile ambalo mwalimu yule alilisema kwa nusu. Ni kweli kwamba mwanafunzi anayetoka sekondari moja kwa moja na kutaka kupangiwa nafasi ya shahada na KUCCPS anahitaji gredi ya wastani ya C+ au zaidi. Kwa hesabu ya masomo saba, hiyo ni pointi 46 kati ya 84. Katika KCSE ya 2024, waliofikisha C+ walikuwa 246,391, yaani takriban mmoja kati ya kila wanne waliofanya mtihani. Hao wengine zaidi ya laki saba hawakufutwa kwenye daftari la elimu. Mwenye C- anaweza kusoma diploma, mwenye D anaweza kuanza na cheti, na walio chini ya hapo huanza na kozi za ufundi za ngazi ya kwanza, zikiwemo zile zinazofundishwa katika vyuo vya mafunzo ya ufundi vinavyosimamiwa na kaunti.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba ngazi hizi zimeunganishwa. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kimasomo, iliyounda mamlaka ya KNQA. Mfumo huo unazipanga sifa zote za kimasomo kama ngazi za nyumba ya ghorofa: cheti kiko ngazi ya 5, diploma ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 7. Aliyemaliza ngazi ya 6 vizuri anaruhusiwa kuomba ngazi ya 7. Chuo kikuu kinapomtazama mwombaji wa namna hiyo, kinaanza na diploma yake, kisha ndipo kinaangalia KCSE.

Wasomaji wetu walio na ndugu Marekani huenda wamesikia kwamba huko kijana huanza miaka miwili katika chuo cha jamii karibu na nyumbani, karo ikiwa nafuu, kisha akahamia chuo kikuu. Chuo cha kwanza cha umma cha aina hiyo, Joliet katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Sisi tunaufanya mpango unaokaribiana na huo bila kuupa jina, na labda ndiyo maana tunauonea haya.

Daraja la diploma ndilo gredi yako mpya

Diploma za KNEC hutolewa kwa madaraja: Distinksheni, Krediti na Pasi. Kila karatasi nayo hupewa alama yake, 1 na 2 zikiwa Distinksheni, 3 na 4 Krediti, 5 na 6 Pasi. Anayeanguka karatasi moja au mbili hurudia hizo tu.

Kwa shahada za biashara, iwe Biashara na Uhasibu au Usimamizi wa Biashara, vyuo vikuu vingi nchini huandika kwenye matangazo yao kwamba diploma iwe na angalau Krediti. Mwenye Pasi asikate tamaa mapema. Vipo vyuo vinavyomkubali akiwa na uzoefu wa kazi wa miaka miwili au mitatu katika fani hiyohiyo, na uzoefu huo huthibitishwa kwa barua ya mwajiri, si kwa maneno. Kijana aliyeshika vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika au aliyekuwa karani wa stoo ana kitu cha kuonyesha. Aombe barua hiyo akiwa bado kazini na meneja akiwa bado anamkumbuka.

Wanaosoma kwa mtaala mpya wa umahiri chini ya TVET CDACC watakutana na maneno mengine kwenye vyeti vyao, kwa sababu huko mwanafunzi hupimwa kama amehitimu umahiri au bado. Wao waulize chuo kikuu wanachokitaka, kwa maandishi, kinavyosoma matokeo hayo. Msikubali jibu la mlangoni.

Kwa wale ambao bado wako darasani, nasema hivi: kama ulipata C- kwa sababu ya kuchelewa, ugonjwa, karo au utoto tu, hakuna atakayekuuliza sababu. Watakuuliza ulifanya nini katika diploma. Karatasi za Uhasibu, Uchumi, Sheria ya Biashara na Mbinu za Hesabu ndizo zitakazosomwa kwanza na mkuu wa idara. Mtu aliye na 3 katika hizo nne na 5 katika nyingine yuko mahali pazuri kuliko aliyekuwa na 3 katika Mawasiliano na 6 katika Uhasibu, hata kama vyeti vyao vyote vimeandikwa Krediti.

Kabla ya yote: je, diploma yako inatambuliwa?

Hapa naomba niseme habari ya nyumbani kwetu. Kaka yangu mkubwa alisoma diploma ya biashara kwa miaka miwili katika chuo kimoja cha kibinafsi kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Baba aliuza ng'ombe wawili kulipia karo. Chuo kilikuwa na bango kubwa, sare, na hata mahafali yenye joho. Alipopeleka cheti chake chuo kikuu, karani wa usajili alikigeuza nyuma, akakirudisha mbele, kisha akauliza mtihani ulitungwa na nani. Ulitungwa na chuo chenyewe, na chuo hakikuwa kimeidhinishwa. Barua ya kumkataa ilikuwa na mistari mitatu. Kaka alianza upya ngazi ya cheti akiwa na miaka 25, na hadi leo kikao cha familia kikifika kwenye habari za shule, baba hutoka nje kuangalia mifugo.

Kwa hivyo hatua hii isirukwe. Vyuo vyote vya mafunzo ya kiufundi, vya umma na vya kibinafsi, vinatakiwa kusajiliwa na kuidhinishwa na mamlaka ya TVETA, ambayo huweka orodha yake kwenye mtandao. Angalia mambo mawili. Kwanza, jina la chuo kama lilivyo kwenye risiti yako ya karo, kwa kuwa wapo wanaotumia jina linalofanana na la chuo kingine. Pili, kozi yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuidhinishwa kwa ushonaji na upishi huku kikifundisha uhasibu bila ruhusa. Kisha uliza swali la karani yule: mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Kama ni KNEC, CDACC au KASNEB, endelea. Kama jibu ni refu sana, ondoka na karo yako mfukoni.

Upande wa vyuo vikuu, anayeidhinisha ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Nako huko usiangalie jina la chuo peke yake bali na programu ya shahada unayoitaka.

Kusamehewa masomo: hesabu isiyo rahisi kama inavyosikika

Vijana wengi huja wakiwa wameambiwa kwamba mwenye diploma "anaingia mwaka wa pili." Wakati mwingine ni kweli, mara nyingi ni nusu ya kweli, na watu wameharibu bajeti zao kwa sababu ya nusu hiyo.

Chuo kikuu hakikusamehei mwaka. Kinakusamehe somo mojamoja. Unapeleka matokeo yako ya kila karatasi pamoja na silabasi ya diploma, na idara inalinganisha: je, Uhasibu wa Fedha uliosoma unafanana na Kanuni za Uhasibu za mwaka wa kwanza? Kama unafanana, na kama alama yako katika karatasi ile ni nzuri, unasamehewa. Kwa kawaida Pasi haitoshi kusamehewa somo, hata kama ilitosha kukupa nafasi ya kuingia. Miongozo ya CUE nayo inaweka kikomo: masomo ya msingi yanayohamishwa kutoka kwingine yawe chini ya nusu. Na vyuo vingi hutoza ada kwa kila somo linalosamehewa, ingawa ni ndogo kuliko karo ya kulisoma.

Tuchukue mfano. Tuseme shahada ina masomo 48, sita kila muhula, mihula minane. Umesamehewa masomo 12. Kwa hesabu ya kidole hiyo ni mihula miwili, mwaka mzima, na karo ya mwaka umeiokoa. Lakini tazama masomo hayo 12 yako wapi. Kama manne ni ya muhula wa kwanza, matatu ya muhula wa pili, mawili ya mwaka wa pili na matatu yametawanyika mbele, basi katika muhula wa kwanza bado una masomo mawili ya kufanya, na ya muhula wa pili huwezi kuyaanza kabla ya hayo. Utakaa miaka minne ileile, ukiwa na mihula myepesi. Kama chuo kinatoza karo kwa somo, umeokoa pesa ingawa hukuokoa muda. Kama kinatoza karo kwa muhula bila kujali idadi ya masomo, hukuokoa chochote isipokuwa usingizi.

Swali la kuuliza kabla ya kukubali nafasi, basi, si "Nitasamehewa masomo mangapi?" Uliza hivi: "Nikisamehewa haya, nitamaliza muhula gani, na karo yenu ni ya somo au ya muhula?" Omba jibu kwa barua. Ofisi ya msajili wa masuala ya kiakademia inajua kuandika barua hiyo, na haitakasirika.

Tatizo la Hisabati

Msichana wa bahasha ya kaki aliposikia yote haya aliuliza swali moja tu: "Na hiyo D ya Hisabati?"

Ni swali la haki. Baadhi ya vyuo vikuu huhitaji gredi fulani ya Hisabati na ya Kiingereza katika KCSE hata kwa mwombaji mwenye diploma. Vingine husema kwamba karatasi ya Mbinu za Hesabu katika diploma inachukua nafasi ya Hisabati ya sekondari. Vingine humtaka mwombaji afanye kwanza kozi fupi ya kuziba pengo. Hakuna sheria moja, na hili ndilo eneo ambalo tangazo la gazetini halitakusaidia. Ni lazima usome masharti ya programu yenyewe, mstari kwa mstari, na ukipata neno "na" mahali ulipotarajia "au", ulielewe hivyo.

Yeye alikuwa na alama 3 katika Mbinu za Hesabu. Aliandikia vyuo vitatu. Kimoja kilimkataa kwa sababu ya D ile, kwa adabu. Kingine kilimkubali aingie mwaka wa kwanza akisamehewa masomo saba. Cha tatu kilimtaka afanye Hisabati ya kuziba pengo kwa muhula mmoja, kisha kimwingize na masomo kumi na moja yaliyosamehewa, karo ikiwa ya somo. Alichagua hicho cha tatu. Shangazi yake hakufurahi, kwa kuwa cha pili kiko karibu na nyumbani, lakini hesabu ya karo ilipowekwa kwenye karatasi mjadala uliisha.

Na kurudia KCSE?

Inaruhusiwa. KNEC husajili watahiniwa wa kibinafsi, na wapo waliotoka C- wakapata B. Kama ulimaliza mwaka jana, nidhamu ya kusoma unayo, na ndoto yako ni shahada ambayo haina njia nyingine, fikiria. Kwa biashara, na kwa mtu ambaye tayari ana diploma, mimi nisingekushauri. Mwaka mmoja wa kurudia Kemia na Historia ili uruhusiwe kusoma Uhasibu, wakati tayari umesoma Uhasibu, ni mwaka mrefu.

Njia ya pembeni ambayo ningewashauri wengi zaidi ni ya KASNEB. Mwenye C- anaweza kusajiliwa kwa diploma ya fundi wa uhasibu, maarufu kama ATD. Akimaliza, anaruhusiwa kuingia CPA hata kama hakupata C+, na CPA ni sifa ambayo waajiri nchini wanaijua kwa jina. Vyuo vikuu vingi humpokea mwenye CPA ya ngazi ya kati katika shahada ya biashara, na humsamehe masomo ya uhasibu. Mitihani hiyo si mepesi. Lakini unaweza kuifanya ukiwa kazini, karatasi chache kwa awamu, bila kuhamia mji mwingine.

Pesa zitoke wapi

Mwanafunzi anayeingia kwa diploma kwa kawaida huomba nafasi moja kwa moja kwenye chuo kikuu, si kupitia KUCCPS, na hujilipia karo. Hilo liwekwe wazi ili mtu asingoje ufadhili ambao hauji.

Anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Mikopo ya kawaida ya wanafunzi wa shahada hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Tayarisha kitambulisho, namba ya KRA, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, barua ya kukubaliwa chuoni, na taarifa za wazazi na wadhamini. Aliyekopa HELB akiwa katika chuo anuwai ahakikishe akaunti yake iko sawa kabla ya kuomba tena.

Kuhusu basari, mwananchi anahitaji kujua nani hufanya nini. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kazi ya kaunti ni shule za chekechea na vyuo anuwai vya vijijini. Vyuo vikuu viko chini ya serikali kuu. Kwa hiyo, kabla ya kuandamana hadi ofisi ya mwakilishi wadi, soma fomu ya basari ya mwaka huo uone inahusu wanafunzi wa ngazi gani. Basari ya NG-CDF huombwa kwenye ofisi ya eneo bunge, na fomu zake huwa na tarehe ya mwisho ambayo haisogei. Tumeona wazazi wakifika siku ya pili yake na barua nzuri sana za chifu.

Kama bado uko ngazi ya cheti au diploma, huo ndio wakati wa kutafuta basari kwa bidii, kwa sababu shilingi inayolipa diploma ndiyo inayofupisha shahada.

Ukija ofisini

Idara ya Elimu ya kaunti husaidia wananchi kusoma masharti haya na kuandika barua za maombi, bila malipo. Njoo na cheti cha KCSE, matokeo ya diploma ya kila muhula, cheti chenyewe kama kimetoka, na silabasi. Silabasi ndiyo husahaulika. Omba nakala yenye mhuri kwenye chuo chako kabla hujaondoka huko, kwa maana kuirudia baadaye ni nauli na siku mbili. Kama cheti cha KNEC kimepotea, pata kwanza barua ya polisi, kisha uombe uthibitisho wa matokeo.

Vyuo vikuu vingi hupokea wanafunzi Septemba na Januari, na baadhi Mei. Peleka maombi angalau miezi mitatu mapema, kwa sababu idara hulinganisha silabasi polepole, na ukichelewa utaingia bila kujua ni masomo gani umesamehewa. Lete nakala mbili za kila karatasi. Vyeti halisi utuonyeshe, kisha urudi navyo nyumbani. Ofisi hii haihifadhi cheti cha mtu.